Kamba Ikikaza, Simama

...simama tu, usimvute, usiseme neno, ndivyo alivyosema daktari wa mifugo, kamba ikikaza wewe simama kama nguzo, ikilegea ndipo upige hatua, haya daktari, nimesimama, kamba imekaza, mbwa wangu Meneja anavuta kuelekea bucha ya kona kana kwamba ameitiwa kikao, na jina nilimpa mimi, maana tangu aingie karakana yangu ya makochi hajawahi kutembea nyuma ya mtu, mvumilivu hula mbivu, namwambia kimoyomoyo, lakini huyu anataka nyama... na lile gari getini kwangu la nani? la dada, mama yangu wee, si alisema jioni? alisema nikishindwa kumtembeza mbwa kistaarabu hadi kona na kurudi, leo leo anamchukua akalinde ghala la mumewe, afungwe mnyororo mchana kutwa, Meneja huyu anayekoroma kwenye makochi ya wateja, "Mdogo wangu, mbona umeganda hapo?" anasubiri shikamoo, na shikamoo siwezi, kamba imekaza, usiseme neno, daktari hakusema isipokuwa kwa dada, sasa nimtii nani jamani, "We! Shikamoo zimekwisha?" hazijakwisha dada, ninayo hapa ncha ya ulimi... tangu mama afariki yeye ndiye mama, ndiye baba, ndiye kinyozi wangu, akasema ufundi wa makochi ndiyo kazi, nikashika nyundo, akasema yule binti wa duka la vitambaa ndiye mke, nikaoa, na hapo kusema kweli alipatia, akasema sebule ipakwe rangi ya maziwa, nikapaka, alipovuta nikafuata, alipovuta nikafuata... ngoja kwanza, hakuna hata siku moja niliyosimama, sasa maskini angejuaje kwamba anavuta? "Mtu mzima anasemeshwa anakodoa macho! Wifi, hebu njoo umwone mumeo!" wifi yake, mke wangu, yupo dirishani, namwona, ameuma pazia asicheke, loo, Meneja amegeuka, kamba inataka kulegea, inalegea... hapana, mwenye bucha amenoa kisu, imekaza tena, na dada ameshika kiuno, jua linampiga usoni, amezeeka dada yangu, nampenda, balaa ndilo hilo, nampenda na namwogopa, miguu inataka kumkimbilia ikamwombe radhi bila kunishirikisha, tulieni, mbwa haendi, eh, nani kasema hivyo? mimi, haendi ghalani, avute asivute, akiangusha meza ya mtu tutaiinua, haendi, ni mbwa wangu, mimi na mke wangu tumeamua, yaani nimeamua mimi sasa hivi, mke nitamwarifu... neno lenyewe fupi tu, hapana, hapana dada, wateja wa makochi nawaambia kila siku, hapana mama, sponji hii haifai, mbona hapo ulimi haunasi, "Basi nakuja kumchukua mwenyewe!" anasema, lakini hajaondoka getini, nami sijaondoka hapa, Meneja anavuta, nimeizungusha kamba kiganjani mara ya pili, inauma, acha iume, akifika nitampa shikamoo yake, nitaipokea mikono yake yote miwili, halafu nitamwambia hapana.