Maksai Asiyetaka Kelele

Watu walimwita Radi, na hawakumwonea. Chumvi ikizidi kidogo tu, alinguruma mpaka mtaa wa pili wakajua kwamba kwa Radi mchuzi umeharibika. Mkewe alikuwa ameshazoea, lakini kuzoea si kupenda.

Kazi yake ilikuwa kunonesha maksai wa kuuza, ndipo siku moja mwenye bucha aliyekuwa akiwanunua akamrudishia nyama. Maksai wake alikuwa ametolewa zizini kwa fimbo na mayowe, na mnyama aliyetishwa, jamani, nyama yake huwa nyeusi na ngumu kama soli ya kiatu. Mwenye bucha akampa nafasi moja ya mwisho. Maksai wa safari hii anone taratibu, na asisikie kelele hata siku moja.

Basi Radi akanyamaza. Makubwa haya! Zizi lilikuwa nyuma ya dirisha la jikoni, kwa hiyo hata ugomvi ilibidi unong'onwe, na ugomvi wa kunong'ona haufiki mbali. Akaanza kuomba chai kwa upole. Jioni moja akamuuliza mkewe kama amechoka, na mama wa watu nusura adondoshe sufuria.

Tatizo ni kwamba maksai akinona huuzwa. Mke akaliona hilo mapema. Yeye ndiye aliyekuwa akimimina pumba na mashudu horini, basi kila asubuhi akawa anachota nusu na kuwamwagia kuku.

Kila wiki mwenye bucha alikuja, akabonyeza shina la mkia, akapapasa mbavu, akasema bado. Radi akazidi kununua pumba, na aliyekonda kwa mawazo ni yeye. Alisema huyu akimshinda, anaacha kufuga.

Siku moja mwenye bucha alisimama uani akiwatazama kuku. Jogoo alijaribu kuruka ukutani, akashindwa, akakaa chini kupumzika.

"Shemeji," mwenye bucha akamwambia mke wa Radi, "mbona kuku wako wamenona kuliko maksai?"

Radi akatazama kuku, akatazama hori, akamtazama mkewe. Mishipa ikamsimama shingoni. Akavuta pumzi ya kungurumia. Mwenye bucha akamwonyesha maksai kwa kidevu, na ile pumzi ikabidi itoke polepole.

"Kwa nini, mama watoto?" akanong'ona.

"Akiondoka huyu utarudi kunifokea," mkewe naye akanong'ona. "Nimechoka kufokewa."

Mwenye bucha akakumbuka ghafla kwamba ana safari.

Tangu hapo hori lilijaa. Maksai akanona, akatoka zizini kwa madaha kama bwana harusi, na nyama yake ikasifiwa kila ilikofika. Siku maksai alipoondoka, mke alishinda jikoni roho juu, akisubiri ngurumo.

Mwishowe akasikia lango. Radi aliingia akivuta maksai mwingine, mifupa mitupu, akamfunga pale pale nyuma ya dirisha, akaomba chai kwa sauti ya chini. Kisha akajaza hori pumba, akasita kidogo, akachota nusu.

"Hizi wape kuku," akasema. "Huyu hatuna haraka naye."