Kivuli cha Mzee Riungu

Jumanne saa nne asubuhi, Wakili Felicitas alikuwa akitoboa karatasi na kuzipanga kwenye faili wakati Gikunda alipoingia ofisini kwake mjini Nkubu, ghorofani juu ya duka la dawa za mifugo. Gikunda aliketi kabla ya kukaribishwa. Akasema amekuja kudai kivuli cha baba yake.

"Kiko wapi?" wakili akauliza.

"Dada yangu Angeline ndiye anatembea nacho. Kila mtu ameona."

Wakili akachukua karatasi safi, akaandika tarehe.

Mzee Riungu alikuwa amefariki mwezi wa pili, baada ya kuugua miaka sita. Katika miaka hiyo aliyemlisha, kumwogesha na kumgeuza kitandani alikuwa Angeline, aliyeacha kazi yake ya ushonaji kule Makutano akarudi nyumbani. Gikunda alikuwa akija Krismasi na Pasaka. Lakini wosia uliposomwa, shamba lote la ekari tatu, kahawa, migomba na nyumba vilikwenda kwa Gikunda, pamoja na kila kitu kingine ambacho mzee angeacha. Jina la Angeline halikuwamo. Wakili Felicitas ndiye aliyeuandika wosia huo. Alikuwa amemuuliza mzee mara mbili kama kuna mtu amemsahau, na mzee akajibu kwamba hajasahau mtu.

Wiki tatu baada ya mazishi, Angeline alikuwa akianika blanketi aliposhtukia ana vivuli viwili. Kimoja kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa na kofia, na mabega yake yalikuwa yameinama kidogo. Akakitambua, akamalizia kuanika. Tangu siku hiyo kikawa kinamfuata. Sokoni wanawake walimwambia, "Pole, naona mzee bado anakusumbua," wakasogeza ndoo zao za viazi kisije kikakanyagwa. Kanisani, padri alipofika kwa Angeline na komunyo alirudi nyuma hatua moja, kwa heshima.

Wakili alimpigia Angeline simu kumweleza kwamba mtoto aliyeachwa nje ya wosia anaweza kupinga kortini, mradi afanye hivyo kabla hati ya urithi haijathibitishwa.

"Nitamshtaki mzee aje na tuko naye hapa?" Angeline akasema. "Amekuja kwangu. Hiyo inanitosha."

Muda ukapita, na hati ikathibitishwa.

Hapo ndipo Gikunda alipoanza kukosa usingizi. Alizunguka shamba lake saa sita mchana, akatazama chini, akaona kivuli kimoja tu, kifupi, chake mwenyewe. Tangu utotoni baba alimlipia karo na kumnunulia viatu, lakini jioni mzee aliketi jikoni na Angeline, nao wakawa wanacheka. Gikunda akiingia walinyamaza, na baba akamuuliza alama za hesabu. Alikuwa sasa na miaka arobaini na minne, ana kila shina la kahawa, na bado alisikia kile kicheko kupitia ukuta wa mbao.

Jumanne hiyo Gikunda alipoondoka, wakili alimwandikia Angeline barua. Alhamisi wote wawili wakafika. Angeline alipanda ngazi polepole ili kivuli cha kofia kisiachwe nyuma. Wakili akafungua pazia jua liingie, akasema, "Karibu, Mzee."

Kisha akawasomea kile kifungu cha wosia. Kila kitu kingine ambacho mzee angeacha ni mali ya Gikunda, na kivuli kilikuwa kimeachwa.

"Madam, hii si ng'ombe," Angeline akasema. "Huyu ni mtu. Aulizwe."

"Aulizwe tu," Gikunda akasema.

Angeline akageuka, akatazama sakafu, akasema kwa Kimeru, "Baba, unataka kukaa na nani?"

Kivuli kikavua kofia. Kikapita juu ya zulia taratibu, kikazunguka mguu wa meza, kikafika kwenye viatu vya Gikunda, kikatulia hapo.

Barabarani lori lilipiga honi. Angeline alitazama mahali kilipotoka, akapangusa hapo kwa ncha ya kiatu.

"Hata siku ya wosia alivua kofia hivyo hivyo," wakili akasema akiandika. "Alilia sana. Lakini alitia sahihi."

Akamsogezea Angeline karatasi ya kukabidhi kivuli na nyumba. Angeline akasoma yote, akauliza ana siku ngapi za kuhama, akaambiwa ni thelathini, akatia sahihi.

Gikunda hakuinuka. Alikuwa akitazama miguu yake, kivuli hiki na kile.

"Mlikuwa mnacheka nini?" akauliza.

"Lini?"

"Jikoni. Wewe na yeye. Tukiwa watoto."

Angeline alifikiri. Alifikiri kweli, kwa sababu alitaka kumjibu.

"Sikumbuki," akasema.

"Unaninyima."

"Gikunda, sikumbuki."

Angeline hakungoja siku thelathini. Jumamosi asubuhi aliita pikapu, akapakia godoro, sufuria mbili na cherehani, arudi Makutano alikokuwa amepata chumba cha kukodi. Gikunda alisimama langoni na vivuli vyake viwili, akatazama kila kitu kikipandishwa. Dereva alipowasha gari, Gikunda aliinua mkono na kumwambia angoje.

Akamwomba Angeline ashuke. Angeline akashuka, akasimama juani. Gikunda akakizunguka kivuli cha dada yake polepole, akachuchumaa, akakikagua kichwa, mikono na pindo la sketi, kuhakikisha hakiondoki na kitu ambacho si chake. Angeline alisimama wima bila kutikisika mpaka alipomaliza.

"Sawa," Gikunda akasema. "Unaweza kwenda."