Kitovu cha Makame

Usiku wa kuamkia leo niliota nepi za mwanangu Makame zimejifukua nyuma ya nyumba, zikaja kunitoa kiwanjani.

Sikushangaa. Zilikuwa zile za kutupa, alizoniletea wifi yangu Mwanakheri katoni nzima, akisema siku hizi anayefua mawinda ya kitambaa anajitafutia kazi. Nilikuwa nikizifukia chini ya mkomamanga, pale pale tulipozika kitovu cha Makame. Sasa zimejipanga mstari, zimevimba, na ile ya mbele imekunja gundi zake kifuani kama mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Kwao mtu si pale kilipozikwa kitovu chake?"

Nasema ndipo.

"Sisi tumezikwa pale wazima wazima, na hatuozi. Mwanao atazeeka, wajukuu zake watazeeka, sisi tupo. Mwenyeji nani?"

Swali lilinikera kwa sababu lilikuwa na jibu.

Mara ua umekuwa kliniki, na ile mizani ya kuning'iniza watoto ndiyo hakimu. Inapima haki kwa kilo. Nepi zinatundikwa, zimeshiba mikojo, mshale unazunguka mpaka unarudi ulikotoka. Kinatundikwa kitovu cha Makame, mshale hausogei. Mizani inahukumu mtoto ahame kabla ya adhuhuri. Wifi yangu, ambaye ndiye karani, ananishauri nisibishane na wakubwa.

"Nina shahidi," nasema.

Nikatoa kanga nyekundu ya marehemu mama, ile niliyoapa haitaguswa na mkasi. Kanga haiwezi kusema zaidi ya kilichoandikwa juu yake, kila mtu anajua. Ikasema: "Sisemi sana lakini sihami."

"Nyepesi," ikasema mizani.

Hapo nikapandwa na hasira. Nguo aliyonibebea mama yangu, kuitwa nyepesi na chuma. Mkasi sikuwa nao, nikaichana kwa meno. Kila kipande, hata kisicho na maandishi, kikasema: "Sihami." Nikamfunga Makame kimoja kuwa winda, nikamtundika mwenyewe kwenye ndoano.

"Mpime. Lakini ujue hahami, hata ukisoma sifuri."

Makame akamkojolea hakimu. Mshale ukashika kutu papo hapo, kesi ikakosa mwamuzi. Nikamvua winda, nikafua, nikaanika, nikamfunga tena. Nepi zikabaki kutazama, maana kufuliwa na kurudi ni jambo zisilolijua.

Nikaamka. Makame alikuwa akilia, amelowa. Kasha la mama, ninamoiweka ile kanga, lilikuwa limefungwa, ufunguo ukiwa shingoni mwangu kama siku zote. Lakini katikati ya meno yangu kulikuwa na uzi mwekundu.

Wifi aliponikuta na jembe chini ya mkomamanga aliniuliza ninalima nini asubuhi yote hii.

"Silimi, wifi," nikamwambia. "Mgeni akifika siku ya tatu hupewa jembe. Hawa wa katoni yako nimewaletea mwenyewe, nawafukua wahame."