Bi Harusi wa Maji na Spiriti

Mama Twiga alikuwa anasuuza vioo kwenye sinki la maabara bintiye alipompigia simu kumwambia siku ya ndoa imepangwa. Juu ya kila kioo alikuwa ameotesha nyuzi za plastiki, nyembamba hata macho hayazioni, kila uzi umeshika kioo kwa mguu mmoja tu. Ukizitia kwenye maji, zinasimama wima. Ukizitia kwenye spiriti, zinasimama vilevile. Changanya maji na spiriti, zinalala zote, na kioo kinabadilika rangi. Kwa nini? Wasomi bado wanavutana. Mama Twiga alikuwa na jibu lake: hivyo viwili vikikutana hushughulikiana vyenyewe, nyuzi vikazisahau.

Bintiye naye alikuwa hivyo tangu wazazi waachane. Kwa mama yake alikuwa mrefu, anainama mlangoni. Ndiyo maana mtaani wakamwita Twiga. Kwa baba yake, fundi wa friji, alikuwa mrefu vilevile. Wazazi wakikutana chumba kimoja, anajikunja, anapungua, mpaka analala chini, si mkubwa kuliko kidole. Shuleni, siku ya wazazi, mwalimu alikuwa akimweka juu ya dawati asije akakanyagwa.

"Mama, ofisi ya ndoa wanataka mzazi mmoja tu ashuhudie," alisema Twiga kwenye simu. "Kubalianeni."

"Mwambie baba yako abaki."

"Nimemwambia. Kasema nikwambie wewe."

Siku ilipofika, wakaja wote wawili.

Twiga alikuwa amesimama mbele ya karani, bega kwa bega na bwana harusi wake fundi cherehani, mama ameketi nyuma yao, baba alipoingia na suti yake ya pasi. Gauni likashuka taratibu mpaka sakafuni. Fundi cherehani, aliyelishona mwenyewe, akapapasa marinda, akampata mchumba wake, akamlaza mezani kando ya muhuri.

"Bi harusi lazima asimame, na sauti yake niisikie," alisema karani. "Mzazi mmoja atoke."

"Atoke huyu," alisema mama. "Tumboni nimembeba mimi."

"Na shuleni alipelekwa na nani? Na tumbo?" alijibu baba. "Wewe si ndiyo kazi yako, kutenganisha vitu? Basi jichuje!"

"Jamani," alisema karani, "tembo wawili, na nyasi zenyewe ndiyo hizi hapa mezani."

Mama Twiga aliijua dawa. Toa kimoja, chochote, kingine kinatosha. Kazini alifanya hivyo kila siku. Akaishika mikono ya kiti. Hakuinuka. Baba naye akavuta kiti, akakaa.

Pale mezani Twiga alikuwa anasema kitu, sauti kama ya mbu. Bwana harusi akainamisha sikio.

"Anasemaje?" wazazi wakauliza kwa pamoja.

"Anasema yeyote tu. Mmoja wenu, yeyote tu."

Wakatazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake. Halafu karani akaita wachumba waliofuata.

Bwana harusi akamfunga bi harusi kwenye leso, akamtia mfuko wa shati, gauni akalibeba mkononi. Wakwe zake wakamfuata mpaka kwenye ngazi, mama kulia, baba kushoto, kila mmoja akimweleza kwa nini mwenzake ndiye aliyepaswa kutoka.