Kufuli la Friji

Mama Upawa hakuwa mlafi. Afadhali hilo lijulikane mapema, maana mwaka ule hakuna aliyeliamini, hata mumewe aliyelala naye kitanda kimoja kwa zaidi ya miaka ishirini.

Alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Jina alipewa na wanafunzi kwa sababu mkono wake ulikuwa wa haki: upawa ukizama kwenye sufuria la maharage, mtoto wa mkubwa na mtoto wa mlinzi walipata sawa. Alipofikisha miaka arobaini na minane akaamua kujitunza. Hakuna aliyemsukuma. Aliwaona tu wa rika lake wakianza kulalamikia magoti na presha, akasema mwenye macho haambiwi tazama. Akaacha sukari kwenye chai, akaacha vya kukaanga, akajaza sahani mboga za majani. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha majiko, alivaa raba akauzunguka uwanja wa shule kwa mwendo wa haraka.

Mwanzoni mambo yalimnyookea. Kilo zilishuka, magauni yakapwaya, na wifi yake, dada wa mumewe aliyekaa mtaa wa pili na ambaye hakujua kusema bila utani, akamwambia, "Wifi, umerudi usichana! Kaka yangu akae macho." Mama Upawa alicheka mpaka akashika mbavu.

Halafu mizani ikaanza kumchezea. Wiki hii inashuka, wiki ijayo inapanda kuliko ilivyoshuka. Alidhani mbovu ni ile ndogo ya bafuni, akaenda kujipima duka la dawa, akaambiwa yaleyale. Akaongeza mizunguko uwanjani, akapunguza wali. Uzito ukashuka kidogo, akapata matumaini, kisha ukafurika kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Kufikia katikati ya mwaka alikuwa mzito kuliko alipoanza. Pete ya ndoa haikuvuka tena kifundo cha kidole, na asubuhi uso wake ulikuwa umeumuka kama unga uliotiwa hamira.

Kazini walicheka. "Mpishi akinenepa mnashangaa nini?" mtunza stoo alisema. "Mnataka anenepe mlinzi?" Naye alicheka nao, maana ukikataa utani wa kazini utahama kazi.

Mumewe hakucheka. Mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa kuwa alitengeneza friji, na hata mkewe alimwita hivyo mbele za watu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mama yake mzazi alikuwa mnene, akaanguka kwa kiharusi, na yeye ndiye aliyembeba kumtia garini akiwa amekwisha kukata kauli. Kila mkewe alipohema akipanda ngazi, Fundi aliinua kichwa.

Akampeleka zahanati. Tabibu alikuwa kijana mwenye haraka.

"Unakula nini, mama?"

"Mboga, maharage kidogo, yai, tunda. Na natembea kila siku."

"Kazi yako?"

"Mpishi wa shule."

Kijana akatabasamu, akafunga faili. "Basi jibu tunalo." Akamgeukia Fundi kana kwamba aliyeletwa ni mtoto. "Mzee, wengi hawadanganyi kwa makusudi. Anaonja hapa, anamega pale, usiku anaamka anafungua friji, asubuhi hakumbuki. Mdhibitie chakula."

"Mimi siamki usiku," Mama Upawa alisema. Kijana alikwisha kumwita mgonjwa mwingine.

Jumamosi iliyofuata aliamshwa na mlio wa drili. Akamkuta Fundi amepiga magoti jikoni, anafunga komeo kwenye mlango wa friji. Pembeni, juu ya gazeti, palikuwa na kufuli jipya.

"Unafanya nini, baba watoto?"

"Nakusaidia."

"Kwa kunifungia chakula? Nyumbani kwangu?"

Fundi akapuliza vumbi la chuma. Sauti yake ilikuwa ya upole, na huo upole ndio uliomkata maini. "Kama kweli huli, kufuli litakudhuru nini?"

Ufunguo ukaingia kwenye kitita cha funguo kiunoni mwa Fundi. Tangu siku hiyo kitinda mimba wao, binti wa miaka kumi na minne, alipotaka maziwa alimwomba baba yake, na alipokuwa akimiminiwa hakumtazama mama yake usoni. Hata wifi alipokuja akataka maji baridi, alivuta mlango ukagoma. "Kaka, humu mmeweka dhahabu au maiti?" Alipoelezwa, cheko likamkatika. Akamshika Mama Upawa bega. "Vumilia, wifi. Ni kwa faida yako." Afadhali angecheka.

Basi akaamua kuwaonyesha. Akala yai moja na kabichi ya kuchemsha kutwa nzima, akalijaza tumbo maji. Kilo zikashuka. Fundi alipoiona mizani akafurahi, furaha ya kweli kabisa. "Unaona?" akasema.

Mama Upawa aliingia bafuni, akafungua bomba, akalia chini ya kelele za maji. Uzito ukishuka, ni kwa sababu mwizi amefungiwa. Ukipanda, ni kwa sababu mwizi ameiba. Sasa akimbilie wapi?

Na ukapanda. Friji imefungwa, yeye anakula kama ndege, na bado ukapanda. Fundi alikaa kitandani akikuna kidevu. "Basi ni huko kazini," alisema, kama anayezungumzia waya uliokatika.

Siku chache baadaye mtunza stoo alimwita kando, nyuma ya magunia ya mchele. Safari hii hakuwa na utani.

"Mama Upawa, usinielewe vibaya. Mumeo kanipigia simu."

"Anataka nini?"

"Kasema nikuangalie. Usiwe unamegamega."

Alikuwa ameshika beseni la maharage yaliyochaguliwa. Alilitua chini taratibu. Miaka yote ile jikoni hajapata kubeba hata kitunguu kwenye mkoba wake. "Sawa," akasema. "Niangalie."

Kuanzia siku hiyo aliacha kuonja. Alitia chumvi kwa kukisia, mdomo ameufunga, ili asiwepo wa kusema amemwona akitafuna. Kukisia nako kulimshinda, maana siku hizo alisahau mambo. Alikwenda stoo akasimama mlangoni asijue kafuata nini. Alivaa sweta mbele ya majiko yanayowaka, wenzake wanatiririka jasho, yeye anasikia baridi mifupani. Kitana kilitoka na nywele. Yote hayo aliyahesabu kuwa ni njaa, na njaa aliichagua mwenyewe, basi amlalamikie nani?

Siku moja alitia chumvi kwenye maharage, akasahau, akatia tena. Shule nzima ilishindwa kula. Mkuu wa shule, mama mkali lakini msikivu, akamwita ofisini.

"Uliyaonja kabla ya kuyapakua?"

"Hapana, mwalimu."

"Mpishi gani haonji?"

"Mpishi anayechungwa."

Mkuu hakuelewa, na Mama Upawa hakuwa na nguvu za kueleza. Akapewa onyo.

Alfajiri ya kesho yake alishindwa kumaliza hata mzunguko mmoja. Miguu ilikuwa kama imefungwa mawe. Akaketi kwenye nyasi zenye umande, karibu na goli, akaitazama mikono yake iliyovimba kama ya mtu mwingine. Laiti ningekuwa naiba kweli, akawaza. Angalau ningejua niache nini. Alikwisha kuacha kila kitu: sukari, mafuta, wali, kuonja, kucheka. Kilichobaki kuacha ni kuamka asubuhi, na wazo hilo, badala ya kumtisha, lilimjia taratibu na kumpa usingizi. Mlinzi ndiye aliyemwinua.

Jioni hiyo simu ikalia. Alikuwa dada yake mkubwa, aliyekaa mji mwingine. Mwezi mzima walikuwa wakipishana kwenye simu.

"Haloo," Mama Upawa alisema.

"Naomba kuongea na mwenye simu," dada akasema kwa adabu.

"Ni mimi, dada."

"Wewe nani?"

"Mimi. Mdogo wako."

"Mdogo wangu ana sauti ya chiriku. Wewe unaunguruma kama mzee mvuta tumbaku. Nani kashika simu hii? Mpe mwenyewe!"

Ilibidi amtajie jina la utani la utotoni mwao, ambalo mtu mwingine hakulijua, ndipo dada akaamini. Akauliza, "Umekuwa hivyo tangu lini?" Mama Upawa hakujua. Nyumbani walimsikia kila siku, kwa hiyo hakuna aliyemsikia.

Kesho yake mchana dada alishuka basi. Alipofunguliwa mlango alisimama kizingitini bila kusalimia. Alimtazama mdogo wake: sweta wakati wa joto, nyusi zilizopukutika kwa pembeni, uso uliojaa maji. Halafu akapita jikoni, akaona kufuli. Akamsubiri Fundi arudi kutoka kazini, amekaa kwenye stuli mbele ya friji, mkoba mapajani.

"Shikamoo, dada," Fundi alisema.

"Marahaba. Shemeji, humu ndani mwizi ni nani?"

"Dada, daktari alisema..."

"Daktari gani? Huyu mtu hata njaa hana. Tangu nije hajatia kitu mdomoni, na mimi ndiye ninayembembeleza. Uliona wapi mlafi wa kubembelezwa? Friji za watu unazifungua nyuma kabla hujasema zina nini. Mkeo umemtazama nje tu ukamtia kufuli!"

Fundi alizifunika funguo za kiunoni kwa kiganja.

Asubuhi walikwenda watatu hospitali nyingine, ya mbali. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani shingoni. Kabla ya kuuliza anakula nini, aliuliza kama anasikia baridi. Akauliza nywele, choo, usingizi, hedhi, sauti. Akamwambia ameze mate huku vidole vyake vikipapasa shingo. Katika kila jibu Mama Upawa alijikuta anasema "ndiyo," na kwenye ndiyo ya tano machozi yakaanza kumtoka, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima mtu kumwuliza jambo na kulipokea jibu.

Damu ikachukuliwa. Majibu yalipotoka daktari alimwita na Fundi aingie.

"Shingoni kuna tezi inayouambia mwili uchome chakula kwa kasi gani," alisema. "Ya mama imelala. Mwili unatunza kila kitu, na maji juu yake. Huyu tumwachie kabichi peke yake, bado atavimba. Na kujinyima alikojinyima kumemdhoofisha zaidi. Atameza kidonge kimoja kila asubuhi, pengine maisha yake yote."

Fundi aliuliza, kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo alikuwa hali?"

"Alikuwa anajiua kwa njaa, baba."

Jioni hiyo Fundi aling'oa komeo. Kila skrubu iliyotoka aliitia mfukoni. Siku ya pili wifi alikuja, akakaa mkekani mbele ya Mama Upawa kama mtoto. "Wifi, nilisema vumilia. Ulimi hauna mfupa. Nipige hata kofi." Mama Upawa hakuwa na nguvu ya kumpiga mtu.

Dawa ilifanya kazi kwa mwendo wa kobe. Baridi ndiyo iliyoondoka kwanza, sauti ikafuata, halafu uvimbe wa uso. Mkuu wa shule alipoelezwa alilifuta lile onyo, na mtunza stoo akawa anamkimbilia na kijiko, "Onja, mama, onja, tunakuomba." Kilo zilipungua, si zote. Mwezi mwingine zilirudi mbili tatu, naye moyo ukampasuka upya, akakimbilia kwa daktari. Daktari akabadilisha kipimo cha dawa, akamwambia ukweli: hata tezi ikiamka, umri nao unadai haki yake, na mwili wa zamani huenda asiuone tena. Aliupokea ukweli huo vibaya.

Na kulikuwa na jambo ambalo kidonge hakikuligusa. Hakuweza kula mbele ya mumewe. Aliwapakulia, akasema ameshiba, akala baadaye amesimama, mgongo mlangoni. Fundi alivumilia, kisha usiku mmoja wa mvua akauliza.

"Mbona huketi nasi?"

"Nikitia tonge mdomoni nahisi unanihesabia."

"Sikuhesabii, mke wangu."

"Najua. Lakini nahisi."

"Kufuli nimelitupa."

"Kufuli nilikwisha kulizoea. Ulimpigia simu mtu baki, baba watoto. Ukamwambia mkeo mwizi."

Fundi aliinamisha kichwa. "Nisamehe," akasema. Lilikuwa neno asilolizoea, likatoka limevunjika.

"Nimesikia," Mama Upawa alijibu. Hakuwa na zaidi ya hilo la kumpa, na hakutaka kumdanganya.

Shule zilipofungwa aliomba kwenda kwa dada yake. Fundi alimbebea begi mpaka kituo cha mabasi, akamtafutia kiti cha dirishani, akauliza atarudi lini. "Shule zikifunguliwa," alisema, na kweli alirudi. Lakini jioni ile aliyofika, mezani kwa dada, watoto wa nyumba wanagombania mkate na redio inapiga kelele, alikula sahani yake akaimaliza. Kisha akanyoosha mkono, akaongeza, na hakuna hata mmoja aliyemtazama.