Shahidi wa Saba

Nyumbani walimwita Profesa tangu alipovalishwa miwani darasa la tatu, na jina la utani likamponza. Sasa ana miaka thelathini na moja, yuko mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu ya sheria, na bado anahangaika na swali moja: kwa nini wafanyakazi wanaoumia kazini hawaendi mahakamani? Siku hiyo alikuwa kwenye warsha ya mbinu za utafiti, wanasheria na watu wa sayansi ya jamii wamechanganywa chumba kimoja chenye feni mbovu, kila mmoja akijiona ndiye msomi na wengine wamekuja kumsindikiza.

Zoezi la asubuhi lilikuwa rahisi. Kila mtu alileta nakala ya mahojiano aliyofanya, majina yamefichwa, ampe wa kulia kwake asome na kuandika pembeni kila aya inahusu nini. Wote walikuwa wametia saini kwamba karatasi hazitoki chumbani. Profesa alitoa yake kwa maringo. Wiki nzima alikuwa akifuta: jina la kiwanda, jina la mtaa, jina la mwanamke aliyemhoji, ambaye sasa aliitwa Shahidi wa Saba. Hakumwambia mtu kwamba Shahidi wa Saba ni shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea tangu ananyonya kidole.

Wa kulia kwake alikuwa mwanaume mpole, mnene kidogo, aliyefanya kazi ya sheria miaka mingi ndipo akarudi shule bila kuiacha. Darasa zima lilimwita Wakili. Alisoma taratibu, kalamu ikifuata mistari. Kufika ukurasa wa tatu, kalamu ikasimama. Akarudi juu, akasoma tena. Kisha akainama kuokota kifuniko cha kalamu, na kitambulisho kikamchomoka mfukoni mwa shati, kikaning'inia kwenye kamba ya kijani. Profesa aliijua kamba ile. Nyingine kama hiyo ilikuwa kwenye msumari, nyuma ya mlango wa shangazi.

Kiwanda kilekile cha magodoro.

Ndipo akakumbuka alichokiacha. Alifuta majina yote, kazi hakuifuta. Pale ukurasa wa tatu Shahidi wa Saba anasema kwa kinywa chake kwamba ndiye anayetunza sanduku la dawa, ndiye anayefunga vidonda vya waliokatwa na mashine ya sponji, na ndiye anayeandika madaftari mawili: moja la kuonyeshwa wakaguzi, ambamo watu huumia kwa nadra sana, na jingine la kweli, ambalo halilali kiwandani. Kiwanda kina watu mia nne, lakini sanduku la dawa lina mtu mmoja tu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndiyo hiyo imekaa kulia kwake. Msomi mzima, miaka mitatu anasomea namna ya kuwalinda watu, halafu anamfunika mtu kichwa na kuuacha mwili wote nje.

Aliomba arudishiwe karatasi yake. Wakili akamwambia angoje kidogo, anamalizia. Profesa akamtazama mwalimu. Angeweza kunyoosha mkono aseme amekosea, zoezi lisimame. Lakini akisema hivyo, suala litakwenda kamati ya maadili, kamati itaufunga utafiti wake, na miaka mitatu itakuwa imeliwa na mchwa. Basi akanyamaza dakika kumi nzima, huku kalamu ya Wakili ikiandika. Tusimpambe: hofu yake ya kwanza ilikuwa ya nafsi yake, ya shangazi ikafuata nyuma.

Karatasi iliporudi, kila aya ilikuwa na maneno yake pembeni: usalama kazini, ukaguzi, woga wa kufukuzwa. Kando ya aya ya sanduku la dawa paliandikwa jina la shangazi, majina yote matatu, kwa mwandiko mzuri kabisa.

"Nimekuandikia ili ujue panavuja wapi," Wakili alisema polepole. Usoni hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililomtisha Profesa zaidi.

"Ulitia saini," Profesa alisema.

"Nilitia saini kwamba karatasi haitoki. Hiyo hapo, chukua. Lakini mimi ndiye mwanasheria wa kiwanda, dada yangu. Nikishajua kuna daftari la pili, siwezi kukaa nalo kimya."

Profesa hakungoja chai. Alifika kwa shangazi jasho likimtiririka. Siku hiyo shangazi alikuwa mapumzikoni, amekaa kwenye ngazi ya nyuma anamenya viazi, na alipomwona tu akaanza utani wake, akiuliza kama shule imeshamchoka. Profesa alimweleza yote kwa mkupuo, amesimama, hakuthubutu kukaa. Alieleza hata zile dakika kumi.

Shangazi hakupiga kelele. Kisu kiliendelea kumenya kiazi kilekile mpaka kikabaki kama kokwa. Aliuliza kama na wale waliomo kwenye daftari watajulikana. Profesa akasema hajui. Shangazi akaingia ndani, akarudi na miwani yake na karatasi iliyokunjwa mara nne: fomu ya ridhaa aliyoitia saini siku ya mahojiano.

"Hapa umeandika naweza kujitoa siku yoyote, bila kutoa sababu. Ndivyo?"

"Ndivyo, shangazi."

"Basi nitoe, mwanangu. Nitoe sasa hivi. Kesho naingia saa moja asubuhi."

Profesa akakaa chini, akafungua kompyuta magotini. Akafuta sauti, akafuta nakala, akaifuta namba saba kwenye orodha, kisha akamgeuzia kioo ajionee mwenyewe patupu. Shangazi aliinama akapatazama kwa makini, kwa muda mrefu.

"Na yule bwana," aliuliza, "naye umemfuta?"