Nozeli ya Ukungu

Mume wangu alihudhuria semina ya siku mbili, akarudi na cheti na ukaidi wa miaka kumi. Ushirika wa wakulima ulikuwa unatafuta msimamizi wa upuliziaji wa dawa, na cheo hicho alikitaka kuliko chakula. Kamati ikampa mtihani: ateketeze magugu ya shamba letu kabla ya kupanda, wao waje kukagua baada ya wiki mbili.

Muuza pembejeo alimpa nozeli mbili za kufunga mwisho wa bomba. Moja ilitoa matone makubwa yanayotua palepale yanapoelekezwa. Nyingine ilitoa ukungu.

"Funga hiyo ya matone," nikamwambia. "Upepo huu utaipeperusha dawa yote."

"Mke wangu, ukungu unafika kila mahali."

Sikio la kufa halisikii dawa. Alipuliza asubuhi nzima, kifua mbele, majirani wakilishangaa wingu lake jeupe. Na kweli lilifika kila mahali, hadi ng'ambo ya uzio, kwenye maharage ya mama yangu yaliyokuwa yameanza kutoa maua.

Siku ya tano mama akamjia mume wangu na jani la manjano mkononi. "Baba, wewe ndiye mwenye cheti. Huu ni ugonjwa gani?"

"Virusi, mama," akajibu, macho chini. "Mwaka huu vimezagaa sana."

Nilitamani kumzaba kofi. Mama sikumwambia ukweli, na hilo najuta mpaka leo.

Kamati ikafika. Magugu yetu yalikuwa wima, yamepauka nchani tu, mengine yanachanua. Mwenyekiti akafunga daftari lake. Ndipo akatupa jicho ng'ambo ya uzio, akaona kila mmea umekauka.

"Kule je? Nani kapuliza kule? Ile ndiyo kazi ya kuua magugu!"

Mama alikuwa amesimama hapohapo kando ya uzio, mikono kiunoni. Mume wangu akamtazama, akamtazama mwenyekiti. Nilijua cheo kitashinda. Nimeishi naye miaka tisa.

"Ni mimi," akasema.

Wakampigia makofi. Mama naye alipiga, polepole, akawa wa mwisho kuacha. Kisha akaingia ndani kwake, akatoka na jembe na bakuli la mbegu.

"Kumbe virusi vyenyewe vina cheti," akasema. "Hongera, msimamizi. Shika jembe. Hili halina nozeli."

Mume wangu akalishika, akalima shamba la mama mbele ya kamati nzima.